Hodi ya Jikoni

Dalali Shebe alimwamuru Bi Mwanaidi akae kimya jikoni, asiwakimbize wanunuzi. Bibi akatii, ila moyoni aliapa hamuuzii nyumba yake mtu asiye na adabu. Wa kwanza aliingia na viatu, akafunua sufuria utadhani na mchicha unauzwa. Bibi akamtikisia Shebe kichwa, na huyo akarudishwa alikotoka.

Wa pili, binti mjamzito, alisimama peku mlangoni pa jiko.

“Hodi.”

“Wewe pita tu, dada,” Shebe akacheka. “Si nyumba inauzwa?”

“Inauzwa, kaka, lakini bado ina mwenyewe.”

Bi Mwanaidi akaisahau amri. “Karibu, mwanangu.” Akamsogezea kigoda, akammiminia chai.

Shebe alitaka kuwafuata. Akamtazama bibi, akatazama viatu vyake, kisha akainama taratibu kufungua kamba.