Jina Kwenye Meli ya Mwisho

Norman Ogden aliugeuza ukurasa kichwa chini, akausogeza dirishani, akaanza upya kulitafuta jina. Dereva wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amesimama mlangoni tangu saa nne, kofia mkononi, mvua ya Manchester ikimchuruzika mabegani.

Jina lilikuwemo. Lazima lilikuwemo. Clifford Wicks hakuwahi kuleta ukurasa bila kulificha jina lake mahali, na huu ulikuwa wa mwisho. Wiki ijayo alikuwa anahamia London, kwenye gazeti la watu wazima ambako mchoraji anaruhusiwa kutia sahihi.

Hapa, kwenye jarida la vibonzo la watoto, sahihi ilikuwa mwiko. Wakubwa wa jarida waliamini kwamba mchoraji akijulikana atanyakuliwa na wapinzani au, vibaya zaidi, atajiona mtu. Kwa hiyo Norman alikaa mezani na kichupa cha rangi nyeupe, akifuta majina. Kwa miaka kumi na saba alimfuta Wicks kwenye matofali, kwenye magamba ya samaki, kwenye moshi wa bandarini. Ulikuwa mchezo wa paka na panya, na kwa muda mrefu paka alishiba.

Kazi yake nyingine haikutajwa na mtu. Wicks alichora bahari mpaka ukahisi baridi, lakini mikono ya mabaharia wake ilikuwa kama vichane vya ndizi. Norman ndiye aliyeichora upya kila wiki, kidole kwa kidole, kisha akanyamaza. Mara moja tu Wicks alipita ofisini, akalishika jarida lililochapwa, akalitazama kitambo.

"Hii mikono nani kachora?"

"Wewe," Norman akajibu bila kuinua kichwa.

"Acha utani, mzee. Mikono yangu naijua."

Norman akajifanya anatafuta brashi.

Mwaka huu macho yalianza kumsaliti. Majina mawili yalimponyoka, watoto wakayaona, wakaandika barua kwa furaha. Mhariri, Bwana Tattersall, alimwita akamwambia taratibu kwamba la tatu likipita, meza ile itapata mtu mwenye macho. Norman alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakujua ofisi nyingine duniani iliyoajiri mfuta majina, na aliogopa.

Basi akapekua. W aliijua hata ikijigeuza wimbi, na K hata ikijifanya mguu wa ndege. Alipita kwenye matanga, kwenye vifungo vya nahodha, kwenye manyoya ya shakwe. Alitumia lenzi, kisha kioo cha kunyolea ili ausome ukurasa kinyumenyume. Jasho lilimtoka na hewa yenyewe ilikuwa ya baridi. Hakuona W wala K.

"Mzee, mitambo inanisubiri," dereva akasema. "Nikichelewa watanila mzima."

"Dakika tano."

"Ulisema hivyo saa nzima iliyopita."

Labda Wicks amechoka, Norman akajiambia. Labda anayeondoka hana haja tena ya kujificha. Akaandika "safi" nyuma ya ukurasa, akamkabidhi dereva.

Wiki tatu baadaye jarida likatoka. Jumatatu iliyofuata akaitwa juu.

Bwana Tattersall hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Norman. Mezani palikuwa na jarida limefunguliwa, na kando yake barua ya msichana wa Stockport. Mhariri akamweleza yaliyomo. Mtoto alikuwa amepekua siku mbili kwa lenzi ya babu yake, na hatimaye amelijua jina la yule anayechora hadithi ya meli. Aliomba afikishiwe salamu, na aambiwe kwamba anawashinda wachoraji wote wa jarida.

"Ogden, mimi nilikuonya."

"Ulinionya, bwana. Nilitafuta kila mahali. Naapa."

"Kamba ya nanga uliitazama?"

"Mara tatu."

"Haya, itazame ya nne. Unisomee, kwa sauti."

Akamsukumia lenzi. Norman akainama. Alikuwa tayari ameshaanza kuyapanga maneno ya kumweleza mkewe nyumbani. Kamba ilishuka ubavuni mwa meli hadi majini, na kweli, nyuzi zake zilikuwa herufi, ndogo mno, zimesukwa na mtu asiye na haraka. Akaanza kuzisoma, moja baada ya nyingine.

Zilisomeka: Norman Ogden.