Punda wa Mtoni

Jumapili baada ya ibada, pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi, Appolinaire na wenzake walikuwa wakiurudia mchezo wa video walioupenda tangu utoto wao Uvira. Wakashuka mlima, wakafika mtoni, ambapo shujaa hawezi kuvuka mpaka amwache punda wake.

"Muache!" wakapiga kelele. "Batu bote banamuachaka!"

Kidole gumba cha Appolinaire kilitulia juu ya kitufe kilicholika hadi kung'aa. Siku walipokimbia vita, alimfukuza mbwa wake kwa mawe ili asiwafuate.

"Leo siwezi muacha," akasema.

Wote walijua hakuna njia nyingine. Mmoja wao akasogea karibu yake.

"Basi turudi kule mulimani. Pengine kuko fasi tulisahau kuangalia."

Appolinaire akamgeuza punda, wakaanza kupanda.