Kiota cha Tetere

Hebu mfikirie Mnana, fundi wa kusuka viota, amekaa peke yake kwenye tawi kavu, akiwasikia wenzake wakiimba darasani. Asubuhi alikicheka kiota cha Tetere, “Takataka gani hizi?” kisha akakibomoa, kikaanguka chini. Mwalimu Korongo akamfukuza: “Kaa huko, asikusemeshe mtu!”

Jioni wingu likatanda. Tetere akaja chini ya tawi lile.

“Umekuja kunicheka?” Mnana aliuliza.

“Nikucheke nini, nami sina pa kulala? Wewe umeadhibiwa, lakini mvua itaninyeshea mimi. Njoo unisukie, bwana fundi.”

Mnana akashuka, akaanza kusuka kabla hajapata maneno ya kuomba radhi. Korongo alipowaona akawaletea nyasi.

Mwanangu, siku ukimkasirikia mkosaji, nakuomba ukumbuke kiota kilichobaki chini fundi alipofukuzwa.