Kibuyu cha Wake Wawili

Daktari alikimimina kibuyu cha Nyamizi, vidonge vikatapakaa mezani, vyekundu na vyeupe pamoja.

"Wewe nilikupa vyeupe. Vyekundu umevitoa wapi?"

"Vya mke mwenzake," nikamtafsiria kutoka Kisukuma. "Mume wao amesema asiyezaa mwaka huu anarudi kwao. Basi wakachanganya, asikose mtu."

Miezi sita Daktari alikuwa akijaribu dawa mpya kwa wanawake wasiozaa. Rangi moja ilikuwa dawa, nyingine unga mtupu, wala hakutaka kutuambia ipi. Akayakata majina yao wote wawili kwenye orodha yake, karatasi ikachanika.

Nilitazama chini. Ni mimi, mjane wa kanisani, niliyewafundisha kwamba kunyimana ni dhambi.

"Muulize kama anajua ameniharibia nini!"

Nikauliza. Nyamizi alishika tumbo, akaninong'oneza.

"Anasema huu mwezi wa pili hajaona siku zake, Daktari."

Kalamu ikamponyoka. "Alimeza vyekundu vingapi?"

Nyamizi alinishangaa. "Kwani rangi zina nini tena, mama? Tulikuwa tunatia mkono kibuyuni na kumeza tu."