Kombora la Kondoa

Siku hizi kombora likistaafu, haligeuzwi roketi ya kurushia setilaiti mpaka mkazi wa mji uliolengwa nalo alichagulie jina jipya. Hili lilikuwa limelengwa Kondoa, basi akaletwa Bi Zamda wa huko.

Alilipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, kama mtoto aliyetoka kucheza mchangani.

“Pole, mwanangu,” akalinong'oneza. “Miaka yote umefungiwa humu, ukitungoja sisi tu.”

“Tuliite nani, bibi?” fundi akauliza.

“Maimuna.” Ni jina la mjukuu wake, hakuwa na jina tamu kuliko hilo.

Roketi ikapaa salama na setilaiti ya kutabiri mvua. Lakini tangu hapo, kila akimwita Maimuna aje kula, Bi Zamda hutupia jicho juu kwanza, asije akaitika yule mwingine.