Mlango wa Bluu, Dutwa

"Asumini Hamimu. Mlango wa bluu. Nyuma ya stendi, Dutwa."

Specioza alisimama wodini na chupa ya uji mkononi. Mume wake, Luhaga, amelala chali, bandeji kichwani, anarudia maneno hayo polepole kama mtu anayesali.

Siku ya tisa tangu aanguke na pikipiki. Jina la mkewe alilikumbuka juzi, la mtoto wao wa kwanza, Jenifer, jana. Na leo nesi alimwambia Specioza mlangoni: daktari yumo, anapima kumbukumbu za wagonjwa. Zikiwa nzuri mnarudi nyumbani Nkoma leo leo. Zikiwa mbaya, ni rufaa ya Mwanza.

"Baba Jenifer, Asumini ni nani?"

"Simjui."

"Humjui, ila rangi ya mlango wake unaijua."

"Nimeambiwa nisimsahau."

"Na nani?"

Luhaga alifikiri. "Sikumbuki."

Bibi anayeuguza kitanda cha jirani akaguna. "Ngosha huyu kichwa kimepasuka, lakini Dutwa haijamwagika."

Wodi ikacheka. Specioza hakucheka. Msimu uliopita Luhaga alipeleka pamba Dutwa akalala huko siku mbili, akasema lori liliharibika. Specioza yuko shambani anachuma na mimba ya miezi saba, akaamini. Lori.

Akaweka chupa chini, akamshika mkono, akaubana.

"Nisikilize vizuri. Ukimtaja tena huyo mwanamke, mbele yangu au mbele ya mtu yeyote, mimi hunioni na watoto huwaoni. Niapie kwa Jenifer."

Jana, jina la Jenifer lilipomrudia, Luhaga alilia mpaka akapaliwa.

"Naapa kwa Jenifer."

"Haya. Asumini ni nani?"

"Hakuna mtu huyo."

Specioza akashusha pumzi. Akamimina uji, akaupoza, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko, tena kwa upendo, maana sasa alikuwa wake peke yake.

Daktari alitoka kitanda cha mwisho, faili kwapani, akaja mpaka kwao huku anatazama saa.

"Dakika kumi zimeisha, baba. Nilikupa jina la mtu na mahali anapokaa, nikakwambia usisahau. Niambie."

Luhaga akameza uji. Akamtazama mke wake.

"Hakuna mtu huyo, daktari."