Vibonyezo vya Mkaa

Matanga yalipokwisha, Zebedayo, mpiga piano aliyeshangiliwa katika kumbi za ng'ambo, aliketi jikoni kwa marehemu mama yake. Juu ya meza palikuwa pamechorwa vibonyezo vya piano kwa mkaa.

"Alivichora mwenyewe," dada yake Tabitha alisema. "Kila uliposikika redioni, alikaa hapo akapiga pamoja nawe."

Katika piano, vibonyezo vyeusi hukaa viwili, halafu vitatu, na mapengo yake ndiyo humwonyesha mpigaji pa kuanzia. Mama alikuwa amevipanga mfululizo, kama nguzo za ua.

"Kwani hakuwahi kuiona piano?"

"Angeiona wapi, kaka? Ulimwalika lini?"

Zebedayo aliweka mikono juu ya mkaa. Vidole vikatambaa mezani, vikitafuta pengo.